Nilikwenda bomani kuandikisha ndoa, nikaambiwa bado nina mke

Karani wa boma, yaani ofisi ya mkuu wa wilaya, alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Aliisoma karatasi yangu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine kilichoandikwa, akaisoma tena, akanirudishia.

"Baba, hii imetoka kwa sheikh. Mimi nataka talaka ya mahakama."

Nikamwambia hiyo hiyo ndiyo talaka: ya mwaka 2019, ina muhuri, ina mashahidi wawili.

"Muhuri nauona. Kwa dini yenu mlishaachana. Kwa serikali huyo bado ni mkeo." Akamgeukia mchumba wangu, aliyekuwa amepakata bahasha ya picha za pasipoti. "Labda kama huyu anakubali kuwa wa pili. Hapo tunaandika ndoa ya wake wengi."

Binti wa mzee wa kanisa, wa Machame, anaulizwa kama anakubali kuwa wa pili. Hakujibu. Aliitia ile bahasha kwenye mkoba, akavuta zipu mpaka mwisho. Mpaka leo nikisikia zipu ikivutwa namna ile najua nimekosea mahali.

Karani hakuwa anatania. Ndoa yangu ya kwanza tuliifunga Kiislamu, na ndoa ya namna hiyo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaihesabu kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenye ndoa kama hiyo anaweza kuongeza mke. Asichoweza ni kwenda kufunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine wakati ile ya kwanza ingalipo. Na yangu ilikuwepo, kwa sababu hapa kwetu ndoa haivunjwi na karatasi ya mume wala ya sheikh. Inavunjwa na mahakama. Mimi nilikuwa nimetoa talaka, nimelipa matunzo ya eda, nimehamia chumba na sebule Tabata, Dar es Salaam, na kila fomu niliyopewa kazini naandika "nimeachana". Kumbe najidanganya kwa mwandiko mzuri.

Nieleze kwa nini tulikwenda bomani. Mimi ni Mpare wa Usangi, Mwislamu. Yeye Mchaga, Mlutheri. Tulikubaliana mapema kwamba hakuna atakayebadili dini. Kwa upande wangu dini inaniruhusu kumwoa Mkristo, lakini baba yake hangekwenda msikitini kumwozesha, na mimi kanisani nisingeapa kiapo nisichokiamini. Kwa watu kama sisi sheria iliacha mlango: ndoa ya kiserikali mbele ya msajili, ofisi ya mkuu wa wilaya. Sijui kwa nini bado inasemwa kwa kunong'ona. Ukimwambia mtu unafunga bomani, cha kwanza anamtazama bibi harusi tumbo.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi, chini ya mwarobaini. Baada ya muda akasema, "Nenda kamalize. Mimi nitakungoja. Ila kwetu utakwenda kueleza mwenyewe."

Wakati huo kamati ilishakaa vikao vitatu. Harusi ilikuwa Desemba, mwezi ambao Wachaga wote wanapanda nyumbani, kwa hiyo sherehe ilipangwa Moshi na ukumbi ulishalipiwa nusu. Mwenyekiti wa kamati akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wajumbe, kuna changamoto ndogo ya kinyaraka upande wa bwana harusi." Ndogo! Wenye ukumbi walikataa kurudisha hela, na michango iliyokuwa inaingia kila jioni ikakauka siku ile ile. Rafiki yangu mmoja akaniletea njia ya mkato: kaeni tu pamoja, mkifikisha miaka miwili sheria inawahesabu mke na mume. Wengi wanaamini hivyo. Ukweli ni kwamba kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinazungumzia dhana ya ndoa tu, na dhana inaweza kupingwa mahakamani. Mwenzangu hakuwa anatafuta dhana.

Nikampigia simu mtalaka wangu, mama wa mwanangu, anayeishi Mbagala. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo na mimi miaka yote hii ni mke wa mtu?"

"Kisheria, ndiyo."

"Basi twende haraka, baba. Kuna watu wanasubiri."

Mahakama haipokei shauri la talaka hivi hivi. Kwanza mpite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa kuwa wote ni Waislamu, tulikwenda baraza la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Nilidhani ni suala la kupigiwa muhuri tu. Wazee watatu walitukalisha kwenye mkeka na kweli kabisa wakaanza kutusuluhisha. Kosa lilikuwa nini? Mtoto je? Mmoja akanikumbusha kwamba halali inayomchukiza Mwenyezi Mungu kuliko zote ni talaka. Nilianza kutokwa jasho. Mtalaka wangu akaweka mtandio sawa, akasema kwa adabu, "Wazee wangu, tumeachana kitambo. Huyu ana mchumba, na mimi yangu ipo jikoni." Wazee wakatazamana, mmoja akachukua kalamu. Tukapewa fomu namba 3, ile inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha. Ukienda mahakamani bila hiyo unarudishwa mlangoni.

Mahakama ya mwanzo ina uwezo wa kusikiliza mashauri ya ndoa, haihitaji wakili, na gharama yake haiumizi. Kilichoumiza ni kuahirishwa. Mara hakimu yuko mafunzoni, mara mshauri mmoja wa mahakama, wa wale wanaokaa na hakimu, kafiwa, mara faili halionekani. Faili lilikuja kuonekana chini ya mafaili ya kesi za mifugo. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Siku tuliyosikilizwa, mshauri mzee alituuliza, "Sasa kama hamgombani, mmekuja kufanya nini?" Watu wakacheka. Hakimu akaendelea kuandika, kisha bila kuinua kichwa akauliza: mna mali mlizochuma pamoja?

Hapo ndipo Upare wangu ulipoamka. Kuna kiwanja Chanika tulichonunua tukiwa kwenye ndoa, kikaandikwa jina langu. Talaka ya sheikh haikukigusa na mimi sikukitaja, nikaona kimelala salama. Nikajibu kwamba fedha za kununulia zilikuwa zangu, mwenzangu hakuwa na kazi. Hakimu akaweka kalamu chini. Akaniambia tangu mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. "Ulikuwa unapika mwenyewe?" Sikuwa napika. Mtalaka wangu aliomba nusu, na akaipata, na nikikumbuka alivyokuwa anabana mboga tupate hela ya kiwanja kile, nusu ilikuwa haki yake. Siku ile sikuona hivyo. Siku ile niliona nanyang'anywa.

Hukumu ikatoka, talaka ikaandikwa. Rufaa ya mashauri ya ndoa ina siku 45. Mtalaka wangu hakuwa na nia ya kukata rufaa, lakini mimi nilishaumwa na nyoka, nikaziacha siku zote zipite. Kisha nikaipeleka talaka RITA, wakala wa usajili wa serikali, pale mtaa wa Makunganya, ikasajiliwe.

Katikati ya hayo nilikuwa nimeshapanda Machame. Mshenga wetu, mzee wa Kipare mwenye maneno matamu, alisema tusiende mikono mitupu. Akamwomba jirani Mchaga jani la sale. Kwa Wachaga, mtu aliyekukosea akija na sale mkononi, umsikilize. Tulifika jioni, ukungu umeshuka migombani. Mshenga akalitoa lile jani kwa mikono miwili, akaeleza yote, mpaka kiwanja.

Baba mkwe alilipokea, akalitazama muda mrefu. Wapare na Wachaga ni watani, na utani wa siku zote ni kwamba Mpare anapenda kesi: atauza ng'ombe apate nauli ya kushtaki mtu aliyemwibia kuku. Mzee akasema, "Nilijua nitapata mkwe Mpare. Sikujua kwamba hata kuoa mnaanzia mahakamani." Kicheko kilichofuata ndicho kilichotuokoa. Mahari aliiacha pale pale ilipokuwa, na faini ya mbuzi mmoja juu. Mbege, ile pombe ya Kichaga, tuliilipa kwa fedha, wanywe wao.

Kwa sheria, mahari isiyolipwa haivunji uhalali wa ndoa, na bomani hakuna aliyeniuliza. Lakini bomani hawatakuja kunizika.

Mei tukarudi kwa yule mama wa miwani. Safari hii nilipanga karatasi kama mtahiniwa: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, picha, barua za utambulisho kutoka serikali za mitaa tunakoishi, kiapo cha mwenzangu kwamba hajawahi kuolewa, na talaka yangu juu kabisa. Ushauri mmoja kwenye barua ya mtaa: nendeni asubuhi, na mjue jina la mjumbe wenu. Mimi nilikuwa nimekaa Tabata miaka minne simjui, ikabidi mama muuza vitumbua anitambulishe.

Kwenye fomu ya notisi kuna sehemu ya kueleza ndoa itakuwa ya aina gani: ya mke mmoja, ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi. Nilipofika hapo mwenzangu aliichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika yeye, herufi kubwa. Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza. Tukapewa kontro namba ya malipo, nikalipa kwa simu pale pale.

Notisi inakaa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yetu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya mnada wa pikipiki na orodha ya walioitwa kwenye usaili. Siku ya tano shangazi yake alituma ujumbe kwamba anakwenda kuweka pingamizi, damu yao haiwezi kuchanganywa na imani nyingine. Nilikosa usingizi. Karani nilipomuuliza akanifafanulia kwamba pingamizi linataka sababu ya kisheria: mmoja bado yuko kwenye ndoa nyingine, ni ndugu wa karibu, umri, kulazimishwa. Dini ya bwana harusi haimo. Shangazi hakutokea. Kwenye sherehe alitokea, na ndiye aliyecheza kuliko wote.

Ndoa yenyewe ilichukua kama dakika 20, Ijumaa asubuhi. Shahidi wangu alikwama kwenye foleni ya Buguruni, na lazima wawepo mashahidi wasiopungua wawili, basi akaingizwa dereva wetu wa teksi, kwa shati la draft na kandambili. Jina lake limo kwenye kitabu cha serikali, na kila Idi ananipigia simu kama ndugu. Msajili alituuliza kila mmoja kama amekuja kwa hiari yake. Nilitarajia nitajibu haraka. Koo likaniziba, mwenzangu akanikanyaga mguu, nikajibu.

Jioni ile sheikh alikuja nyumbani akatusomea dua, na Jumapili wakwe wakaimba nyimbo zao sebuleni. Sherehe kubwa Moshi, ndafu na keki, ilikuja wiki mbili baadaye. Hiyo ina hesabu zake na kamati bado inanidai maelezo.

Jumatatu nilipeleka nakala ya cheti kazini ili mke wangu aingizwe kwenye bima ya afya. Afisa utumishi akafungua kompyuta, akaniuliza, "Na huyu wa zamani tumtoe?" Kumbe kadi ya mtalaka wangu ilikuwa hai bado, kwa jina langu. Nikampigia kumjulisha.

"Ungengoja kidogo," akasema. "Nimebakiza jino moja."

Nilimtoa siku ile ile. Jino nililipia mfukoni mwangu, na mke wangu anajua.