Rosta mbili na siku za hatari

Mwaka mzima wa 2022 nilihesabu siku vibaya. Mimi ni muuguzi. Akina mama wamekaa kwenye benchi mbele yangu nikawachorea mzunguko wa hedhi, siku ya kwanza hadi ya 28, nikawaonyesha yai linatoka wapi na linapita wapi. Mambo haya nayajua. Lakini ukishakuwa wewe ndiye unayetafuta mtoto, na nusu ya mwezi uko naiti, yaani zamu ya usiku, kile ulichokuwa ukiwafundisha wengine kinakukimbia.

Nafanya kazi hospitali moja hapa Moshi. Naiti yetu inaanza saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Ukishakabidhi wagonjwa na kungoja bajaji, unafika nyumbani Pasua saa tatu imepita. Mume wangu ni muongoza watalii, anapandisha wageni Kilimanjaro. Njia ya Marangu inachukua siku tano au sita, ya Machame sita au saba. Msimu ukichanganya, yaani Juni hadi Oktoba na tena kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari, anashuka leo, anaoga, analala siku mbili, anapanda tena. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na rosta mbili. Yangu ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha wauguzi, yake ilikuwa kwenye simu yake, na hapakuwa na siku tuliyowahi kuzisoma pamoja.

Siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba, Kiswahili chetu kinaziita siku za hatari. Ni jina alilolitoa mtu anayekwepa mimba. Mimi nilizitafuta hizo hatari miezi kumi na miwili. Nilipokuja kukaa chini na kalenda ya mwaka ule na kalamu nyekundu, niligundua kwamba katika mizunguko yangu kumi na mmoja, tulilala chini ya paa moja kwenye siku hizo mara tatu tu. Mara nyingine zote mume wangu alikuwa kwenye kambi za mlimani, Barafu au Kibo, au mimi nilikuwa wodini nabadilisha dripu.

Kalenda hiyo niliichukua baada ya Krismasi. Kila Mchaga anajua Desemba ilivyo: magari ya Dar es Salaam yamejaa barabarani, kila kihamba (shamba la ukoo) kina moshi, ndafu (mbuzi mzima) inachomwa, na watu ambao hamjaonana mwaka mzima wanakutazama tumboni kabla ya usoni. Pale Marangu kwa wakwe zangu shangazi mmoja aliniita mbele ya watu: "Mkamwana, mgeni wetu amepotea njia?" Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka jikoni, akanipa kisu nimenye ndizi, tukamenya ndoo nzima bila kusemeshana. Mpaka leo namshukuru kwa kunyamaza kule.

Tulipofika nyumbani nikaweka kalenda mezani, nikamwambia mume wangu, "Lete tarehe zako zote." Ndipo tulipoanza kuelewa tatizo letu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa siku ya 14. Mzunguko wangu ukiwa wa siku 28, sawa. Lakini mwezi wenye naiti nyingi ulikuwa unafika 33, hata 34, na mimi bado nahesabu 14. Yai hutoka siku kama 14 kabla ya hedhi inayofuata, si siku 14 baada ya ile iliyopita. Kwa mzunguko wa siku 34, hiyo ni siku ya 20 hivi. Nilikuwa namngoja mume wangu wiki nzima kabla ya wakati, na wakati wenyewe ukifika amesharudi mlimani. Yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani hadi siku tano, kwa hiyo siku zenye maana ni zile tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe. Nafasi hiyo ni ndogo kwa wote, na kwa watu wawili wa zamu ni ndogo zaidi.

Nikajaribu kipimajoto. Ukisoma vitabu wanasema pima joto la mwili kila asubuhi kabla hujatoka kitandani, likipanda kidogo na kubaki juu ujue yai limeshatoka. Mimi asubuhi yangu iko wapi? Leo naamka saa kumi na mbili alfajiri, kesho naamka saa tisa alasiri jasho linanitiririka kwa joto la bati. Kipimo hicho kinataka usingizi wa saa tatu au nne mfululizo na muda uleule kila siku. Baada ya wiki sita grafu yangu ilikuwa kama meno ya msumeno. Nikakirudisha kipimajoto kwenye droo. Mwenzangu wa naiti, usijisumbue nacho.

Kilichonisaidia ni ute. Sikuwa nauzingatia, na hauhitaji hata shilingi. Siku zinapokaribia, ute wa ukeni unabadilika, unakuwa mwepesi, unateleza, na ukiushika kati ya kidole gumba na cha shahada unavutika bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Huo haujali umelala saa ngapi. Nilikuwa nautazama nikienda kuoga, nikirudi naandika herufi moja kwenye kalenda. Pamoja nao nikanunua vipimo vya mkojo vya homoni ya LH kwenye duka la dawa mjini. Homoni hiyo inapanda ghafla, na yai linafuata ndani ya siku moja au moja na nusu. Vipimo hivi havihitaji mkojo wa kwanza wa asubuhi, tofauti na UPT, kile kipimo cha mimba cha mkojo, na hilo lilikuwa nafuu kubwa kwangu. Nikiwa naiti nilipima saa kumi jioni, baada ya kuamka na kabla ya kunywa maji mengi. Nikiwa zamu ya asubuhi nilipima saa hiyohiyo nikitoka kazini. Ule mstari wa pili ukikolea sawa na ule wa kwanza, au zaidi, kazi imeanza.

Usingizi nao tulihangaika nao. Chumba chetu dirisha linatazama jua, na jirani ana karakana ya kuchomelea mageti. Mume wangu alipigilia blanketi zito la mlimani, lile la kijivu, kwenye fremu ya dirisha, chumba kikawa giza la saa nane usiku. Kwa jirani nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia, "Kaka, naomba unisaidie, mimi nalala mchana." Sikumweleza zaidi. Tangu siku ile kukata vyuma alihamishia jioni kila aliponiona nashuka kwenye bajaji nikiwa na sare. Nikaacha kahawa ya saa tisa usiku, nikabaki na kikombe kimoja cha mwanzo wa zamu, nikaanza na folik asidi kila siku. Folik unaanza kabla ya mimba, si baada ya kugundua, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wengi bado hatujajua.

Halafu kulikuwa na kwenda kwa inchaji, muuguzi mkuu wa wodi anayepanga rosta. Hapo nilisitasita wiki mbili. Kwetu wauguzi kuomba kutolewa naiti ni kumwekea mwenzako naiti zako, na kila mmoja ana lake: mwingine ananyonyesha, mwingine mama yake amelazwa. Nilimfuata baada ya ripoti ya asubuhi, wenzangu wametoka. Nikafunga mlango.

"Sista, natafuta mtoto. Mwaka umepita."

Aliweka kalamu chini. "Kukutoa naiti siwezi, mwanangu, unaona tulivyo wachache. Lakini nionyeshe hiyo kalenda."

Nikaitoa kwenye mkoba. Tuliitazama wote wawili kwa muda mrefu, yeye na miwani yake kwenye ncha ya pua. Tukakubaliana hivi: hedhi ikianza namwambia, naye ananipangia naiti wiki ile ya kwanza, na nyingine baada ya siku ya 22. Katikati nabaki asubuhi au jioni. Ikigongana, nabadilishana na mwenzangu mmoja aliyekuwa anapenda naiti kwa sababu anasoma mchana. Idadi ya naiti zangu haikupungua hata moja, zilihamishwa tu. Nilijuta kuchelewa kusema, lakini pia najua nisingekuwa na kalenda mkononi angenihurumia na kuniacha palepale nilipokuwa.

Mume wangu alikuwa na tarehe zake, na alikuwa na jambo jingine gumu zaidi: kupimwa mbegu. Wanaume wetu wanaamini mtu anayefika mita 5,895 akibeba na begi la mgeni hawezi kuwa na shida hiyo. Nami nimeona wodini wanawake waliopigwa picha za mirija ya uzazi, wakala dawa miaka mitatu, waume zao hawajawahi kutoa hata tone. Nilimwambia kwamba vipimo vyangu nafanya, na vyake afanye mwezi huohuo, kwa sababu kwa wanandoa wengi wanaohangaika upande wa mwanaume umo. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaniuliza, "Wanachukuaje?"

Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, isipoe, na mwanaume awe amekaa siku mbili hadi saba bila kutoa. Tuliichukulia nyumbani, asubuhi ya Februari. Alikiweka kile kikopo kwapani ndani ya jaketi lake la mlimani, tukapanda bajaji. Njia nzima alikaa ameubana mkono, haongei, anatazama mbele. Kwenye matuta alikuwa ananyanyuka kidogo kwenye kiti kama aliyebeba mayai. Nilimpenda sana asubuhi ile.

Majibu yake: milioni 11 kwa mililita, chini ya kiwango, na nyingi zilikuwa zinakwenda kwa uvivu. Yangu yalikuwa mazuri, homoni sawa, mirija iko wazi. Daktari alimweleza vizuri kwamba kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, kwamba mbegu zinachukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kilichoonekana leo ni cha Desemba. Apunguze pombe, aache sigara, apumzike, arudi baada ya miezi mitatu. Akatoka pale akaenda kukaa peke yake chini ya mti nje ya maabara. Sikumfuata mara moja. Nilinunua maji, nikakaa naye.

Mvua za masika zikatusaidia. Aprili na Mei wageni wanapungua mlimani, naye akapanda mara moja tu miezi yote miwili. Mbege, pombe yetu ya ndizi, akawa hanywi hata kwenye misiba. Alianza kunipikia. Nikiamka saa tisa nakuta mtori mezani, na ule mtori wake ulikuwa mzito kuliko wa mama yake. Mwisho wa Mei akapima tena, zikawa milioni 24. Mwezi huohuo ute ulionekana siku ya 17, mstari wa LH ukakolea siku ya 19, na mimi nilikuwa zamu ya asubuhi kama tulivyopanga na inchaji.

Juni msimu ukaanza, akapanda na wageni kwa njia ya Marangu. Hedhi yangu ilipochelewa siku nne nilikuwa naiti. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuwapima wagonjwa presha, niliingia chooni na kipande cha UPT. Mstari wa pili ulitokea kabla sijamaliza kuhesabu. Nilirudi wodini nikawapima wagonjwa wote presha, nikaandika, nikakabidhi. Sikumwambia mtu. Saa mbili na nusu nikasimama nje ya geti, nikatuma ujumbe. Tangu Agosti 2022 intaneti imefika hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, na ndipo walipokuwa wamelala. Akanipigia. Hatukuongea chochote cha maana, nilisikia upepo tu na yeye akivuta pumzi.

Kuna jambo linaniuma nalo nitalisema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inakataza mjamzito kupangiwa kazi za usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Ni kinga nzuri, na wauguzi wengi hawaijui. Lakini kifungu hicho hakimfikii anayetafuta mimba. Yeye anategemea huruma ya inchaji na uungwana wa mwenzake wa zamu. Mimi nilivipata vyote viwili. Nawafahamu ambao hawakuvipata.

Tarehe yangu ilikuwa katikati ya Februari. Mwisho wa Novemba inchaji alipopanga rosta ya Desemba, aliniita, akaweka rula chini ya jina langu ili nione vizuri. Mstari mzima haukuwa na N ya naiti hata moja. Nikaupiga picha, nikamtumia mume wangu. Naye akanijibu kwa picha ya rosta yake: anashuka tarehe 23, na tarehe 24 tunapanda gari la Marangu.