Faraja Ijayo Kabla Dhiki Haijaisha

Somo: 2 Wakorintho 1:3–11

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kwa jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu.

Somo letu la juma hili limo katika waraka ambao Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho akiwa ametoka katika taabu kubwa iliyompata huko Asia. Haitaji taabu hiyo kwa jina, wala haelezi ni nani aliyemtesa, lakini anakiri jambo ambalo wengi wetu tungependelea kulificha: “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi” (aya ya 8). Aliyeandika hivyo ndiye aliyekutana na Bwana njiani kwenda Dameski, ndiye aliyepanda makanisa mji hata mji, na nyaraka zake tunazisoma hadi leo. Wala hakumnong’oneza maneno hayo rafiki mmoja; aliyapeleka yasomwe mbele ya kusanyiko zima, tena kusanyiko ambalo ndani yake walikuwamo watu waliomdharau.

Nayashukuru sana maneno haya, kwa sababu katika makanisa yetu imejengeka desturi ya kumharakisha mwenye huzuni. Mtu amefiwa, mwili bado uko mochwari, jamaa hawajakubaliana kama watazika hapa Kampala au watausafirisha kijijini, na tayari mpendwa mmoja amemshika mkono akimwambia, “Jikaze, usilie, Mungu ana makusudi yake.” Asemaye hivyo ana nia njema, na kuhusu makusudi ya Mungu hakukosea. Lakini mara nyingi mfiwa husikia jambo lingine, kwamba machozi yake ni dalili ya imani haba. Basi huyameza, hurudi ibadani Jumapili akiwa na uso mkavu, na moyoni huanza kujitenga na Mungu ambaye hathubutu tena kumwambia yaliyomo ndani yake.

Paulo aliyasema yaliyomo ndani yake, na faraja anayoishuhudia haikumtaka ayafiche. Anamhimidi Mungu, “Baba wa rehema, Mungu wa faraja yote, atufarijiye katika dhiki zetu zote.” Hasemi kwamba Mungu alingoja dhiki ipite kwanza ndipo amfariji. Sisi tumezoea kuihesabu faraja kuwa ni mwisho wa shida: mgonjwa akipona, mtoto akirudi, kesi ikimalizika, karatasi za ukimbizi zikitoka, ndipo tunaposimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Ni vema kushuhudia hayo, na tuendelee kufanya hivyo kwa furaha. Hata hivyo, miongoni mwetu wamo ndugu kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 katika maboti ya wavuvi, ambao mpaka leo hawana kwao pa kurudi, na ambao waliona mgao wao wa chakula ukipunguzwa mwaka 2023 wakati bei sokoni zilikuwa hazipungui. Kama faraja ni mwisho wa shida tu, basi hao hatuna neno la kuwapa. Neno la Paulo linawafikia, kwa maana yeye mwenyewe hakuwa amefika mwisho wa shida zake alipoliandika. Anasema tu kwamba Mungu aliyemwokoa “atazidi” kumwokoa, na mtu ambaye hatari zote ziko nyuma yake hana sababu ya kusema hivyo.

Jambo hili hili limo katika kitabu cha Maombolezo. Aya yake inayopendwa kuliko zote tunaijua kwa moyo: “Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu.” Tunaiandika kwenye kadi na kwenye kuta za nyumba zetu, lakini ni wachache wanaokumbuka mahali ilipo. Haiko mwishoni mwa kitabu, kana kwamba mwandishi alilia kwanza, akamaliza, kisha akafarijika. Iko katikati, katika sura ya 3 kati ya sura 5. Yerusalemu imeteketezwa, watoto wanaomba chakula na hakuna wa kuwamegea, naye mwandishi anaungama uaminifu wa Mungu, kisha anarudi kulia tena kwa sura mbili zaidi. Kitabu kinafungwa na ombi kwamba Bwana azifanye upya siku za watu wake kama zilivyokuwa zamani, na baada ya ombi hilo inabaki hofu kwamba huenda amewakataa kabisa. Roho Mtakatifu hakuona aibu kutuachia kitabu kinachoishia hapo. Kwa hiyo mwamini anayeimba uaminifu wa Mungu asubuhi na kulia jioni hajaanguka. Anatembea mahali ambapo Neno la Mungu limekwisha kupita.

Nchi yetu hii ya Uganda nayo imewahi kuona kwa macho faraja ya namna hiyo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA (Lord’s Resistance Army) waliingia katika shule ya wasichana ya St Mary’s, Aboke, huko Lango, kaskazini mwa Uganda, wakawateka wanafunzi 139. Sista Rachele Fassera, mtawa kutoka Italia aliyekuwa naibu mkuu wa shule, alitoka pamoja na mwalimu mmoja wakawafuata porini, na kwa kusihi kwake akarudishiwa wasichana 109. Thelathini walibaki mikononi mwa waasi. Mmoja wa hao 30 alikuwa binti wa Mama Angelina Atyam, mkunga wa Lira, na binti huyo alikuwa na umri wa miaka 14.

Wazazi wa wale watoto walianza kukutana kila juma, kufunga na kuomba. Mama Angelina amesimulia mara nyingi yaliyowapata siku moja walipokuwa wakisali pamoja sala ya Bwana. Walipofika kwenye maneno “utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu,” sauti zilikatika. Hawakuweza kuyatamka. Fikirini, ndugu zangu, chumba kilichojaa akina baba na akina mama wanaojua sala hiyo tangu utoto, wanaoweza kuisema hata usingizini, na hakuna hata mmoja awezaye kuendelea na sentensi inayofuata, kwa sababu kila mmoja anajua ni nani aliye mbele ya macho yake anaposema “wadeni wetu”. Naamini kunyamaza kule kulikuwa sala pia, na pengine kulikuwa kweli zaidi kuliko mara nyingi ambazo sisi huikimbiza sala hiyo ili ibada iishe mapema.

Hawakuendelea kujifanya, wala hawakuacha kuja. Walirudi, wakamlilia Mungu juu ya ile sentensi moja, na kidogo kidogo wakapewa kuisema. Mama Angelina alikwenda mbali zaidi: alimtafuta mama mzazi wa kamanda aliyekuwa akimshikilia binti yake, akamwambia kwamba amemsamehe yeye, na mwanawe, na ukoo wao. Wakati huo binti bado yuko porini! Hakuna lililokuwa limerudishwa. Hakuna aliyekuwa ameomba radhi. Waasi walipompelekea ujumbe kwamba watamwachia mtoto wake ikiwa atakoma kuusemea utekaji huo hadharani, alikataa, kwa sababu kwa muda ule wote wa kuomba pamoja na wenzake watoto wa wengine walikuwa wamekuwa watoto wake pia. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimtunukia tuzo ya haki za binadamu. Binti yake alirudi mwaka 2004, zaidi ya miaka saba tangu achukuliwe.

Najua kuna hatari katika kusimulia habari hii. Mtu aliyedhulumiwa anaweza kuisikia kama amri: mwenzako alisamehe, nawe samehe leo. Sivyo ninavyokusudia, na sivyo ilivyokuwa huko Lira. Wale wazazi walipewa muda, walipewa wenzao wa kulia nao, na msamaha wao haukuzuia hata siku moja kudai kwamba watoto warudishwe na kwamba uovu uitwe uovu. Ninachotaka tukione ni wakati ambapo jambo hili lilitokea. “Ijapokuwa utu wetu wa nje unachakaa, lakini utu wetu wa ndani unafanywa upya siku kwa siku” (2 Wakorintho 4:16). Kuchakaa na kufanywa upya kulikuwa kukiendelea kwa pamoja ndani ya mama mmoja, juma baada ya juma, na kitanda cha mtoto kikiwa kitupu nyumbani.

Wazee wetu watakumbuka pia Februari 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda aliuawa tarehe 16 mwezi huo pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kaburi lake lilichimbwa kwenye kanisa kuu la Namirembe, hapa Kampala, karibu na lile la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lakini mwili haukutolewa. Ulipelekwa chini ya ulinzi wa askari hadi kwao Mucwini, kaskazini, ukazikwa huko. Jumapili iliyofuata waamini walijaa Namirembe na kukuta kaburi lisilo na mtu, na pale wakajikumbusha yale ambayo malaika waliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka: “Hayupo hapa, amefufuka.” Utawala uliomuua ulidumu miaka mingine miwili. Wengi waliokuwa pale hawakujua kama wangeiona Pasaka ya mwaka ule. Lakini tumaini lao halikungoja Amin aondoke, kwa sababu halikuwa limejengwa juu ya kuondoka kwa Amin. Paulo anasema alijifunza kumtumaini “Mungu, awafufuaye wafu” (aya ya 9), na tumaini la namna hiyo lina mahali pa kusimama hata penye kaburi.

Sasa turudi kwenye aya ya 4, kwa maana Paulo haachi faraja ikae kwa aliyeipokea. Mungu hutufariji “ili nasi tupate kuwafariji wale walio katika dhiki za namna zote”. Mwaka 2003, maelfu ya watoto wa Acholi walipokuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini Gulu, kaskazini, kwa kuogopa kutekwa na LRA, Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walikwenda kulala pamoja nao nje, katika kituo cha mabasi, kwa siku kadhaa. Hawakuwa na uwezo wa kumaliza vita. Mapigano yalisimamishwa kwa makubaliano mwaka 2006 tu. Walichoweza kufanya usiku ule ni kulala chini palepale watoto walipolala, na hicho ndicho walichofanya.

Katika ibada yetu ya Kiswahili yuko mama ambaye simtaji jina, kwa kuwa hatapenda. Alipoteza watoto wawili katika safari ya kuja Uganda. Palipo na msiba, yeye hafiki na maneno. Hufika alfajiri na jerikeni la maji, huwasha sigiri, huosha sufuria zilizolala chafu, kisha hupika uji mwepesi wa mahindi na kuketi mkekani ubavuni mwa mfiwa. Nimemwona akikishika kikombe mwenyewe, kwa sababu mikono ya yule mwingine ilikuwa ikitetemeka, akingoja mpaka funda la kwanza limemezwa, kisha la pili, bila kumsukuma. Nadhani anajua kwamba mwili wa mtu mwenye uchungu husahau njaa, kwa kuwa wake ulisahau. Hakuna semina iliyomfundisha hayo. Ninaposoma kwamba tunawafariji wengine kwa faraja ile ile tunayofarijiwa na Mungu, yeye ndiye ninayemkumbuka, na ninaamini kwamba mtu fulani aliwahi kumshikia kikombe naye.

Jambo la mwisho katika somo letu husahaulika kwa urahisi. Baada ya kusema yote haya, Mtume anaomba msaada: “ninyi nanyi mkisaidiana nasi kwa ajili yetu katika kuomba” (aya ya 11). Mtume mwenye faraja ya kutosha kuwaandikia wengine bado anahitaji Wakorintho wamwombee, na anawaambia hivyo waziwazi. Kwa hiyo, mpendwa uliyelemewa juma hili, kama ni kwa ugonjwa, au kodi ya nyumba, au mtoto aliyeacha kupokea simu zako, usingoje mpaka uwe na ushuhuda ndipo uje. Waambie wazee wa kanisa au akina mama wa maombi kabla ya Jumapili. Wakikuuliza tuombe nini, na ukakosa la kusema, waambie hivyo. Tutakaa nawe mpaka sentensi ipatikane.