Miezi mitatu na bakteria waliokwisha kufa

Kwa miezi mitatu nilimeza kapsuli za bakteria nione kama mwili wangu utaitikia vizuri zaidi insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu. Bakteria hao walikuwa wamekufa kabla ya kuingia kwenye kapsuli, na ndivyo ilivyotakiwa. Jina lao ni Akkermansia muciniphila. Wanaishi katika ute unaofunika ukuta wa utumbo na wanakula ute huohuo, ndiyo maana ya jina la pili: mpenda ute. Jina la kwanza ni heshima kwa mwanamikrobiolojia Mholanzi, Antoon Akkermans. Walielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi. Hawamo kwenye mtindi, maziwa lala wala togwa, kwa hiyo anayekuuzia mtindi kwa jina hili anakuuzia mtindi tu.

Kwa nini wauawe? Timu ya Patrice Cani wa chuo kikuu cha UCLouvain, Ubelgiji, iliona kwa panya kwamba bakteria waliotiwa joto la nyuzi 70 kwa dakika 30 walifanya kazi vizuri kuliko walio hai. Waliopikwa hadi nyuzi 121, joto la kutakasia vyombo vya hospitali, hawakufaa kitu. Ganda la nje la bakteria huyu lina protini iitwayo Amuc_1100, inayozungumza na seli za utumbo, nayo inastahimili nyuzi 70. Ni kama maziwa: kuyapasha moto wa kiasi ili kuua vijidudu ni jambo moja, kuyaunguza ni jingine.

Jaribio la watu lililonifanya nijaribu lilichapishwa mwaka 2019. Lilimalizwa na watu 32 tu, wote wenye uzito uliozidi na miili isiyoitikia insulini vizuri. Waliotumia bakteria waliotiwa joto, bilioni 10 kwa siku kwa miezi mitatu, insulini yao ilishuka, mwitikio wa mwili kwa insulini ukapanda, na kolesteroli ikapungua kidogo. Uzito ulipungua takriban kilo 2 ukilinganisha na waliopewa kapsuli tupu, lakini tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Hapo ndipo matangazo mengi yanapochakachua habari: yanauza kilo, ilhali kilichobadilika kwa uhakika ni insulini. Nami nikaamua kupima insulini. Mizani niliipa nafasi ya pili.

Kununua kulinichukua muda kuliko kumeza. Kwenye kopo nilitafuta mambo matatu. Kwanza, iandikwe kwamba bakteria wametiwa joto. Wanaouzwa hai huhesabiwa kwa vizio vingine (CFU au AFU), na idadi yake hailinganishwi na ya waliokufa, ambao huhesabiwa seli nzima kwa mashine, mara nyingi kwa kizio cha TFU. Pili, mbegu itajwe, yaani ukoo mahususi wa bakteria huyo. Iliyofanyiwa utafiti huo ni MucT. Jina la bakteria bila mbegu ni sawa na kuandika "mahindi" kwenye mfuko wa mbegu za kupanda. Tatu, kiasi cha siku. Ulaya mamlaka ya usalama wa chakula ilikubali mwaka 2021 hadi seli bilioni 34 kwa siku kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito na wanaonyonyesha. Kapsuli yangu ilikuwa ya bilioni 30.

Kisha soma viungo vingine. Kopo nyingi zina kromiamu, vitamini B2 au dondoo la majani ya chai. Si bahati mbaya: sheria za Ulaya zinaruhusu kuandika kwamba kromiamu husaidia sukari ya damu kubaki kawaida, na B2 husaidia utando wa ndani. Bakteria mwenyewe hana ruhusa ya dai lolote. Sentensi tamu kwenye boksi ni ya kromiamu. Bakteria kapewa lifti.

Kabla ya kapsuli ya kwanza nilipima damu asubuhi, nikiwa sijala kwa saa 12: sukari, insulini, kolesteroli, na HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu). Kiuno nilikipima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Ukipima kitovuni leo na juu yake kesho, unapima utepe wako. Kisha hesabu ya HOMA-IR, makadirio ya jinsi mwili unavyokaidi insulini (ndogo ni bora): zidisha sukari (mmol/L) kwa insulini (µU/mL), gawanya kwa 22.5. Mimi: 5.8 × 14 ÷ 22.5 = 3.6. Maabara ikikupa sukari kwa mg/dL, igawanye kwanza kwa 18. Insulini ya pmol/L igawanye kwa 6. Wengi hukosea hapa, wakapata namba za kutisha bure.

Kosa langu lilikuwa kuanza nyuzinyuzi za unga za inulini wiki hiyohiyo, gramu 10 kwa siku. Tumbo lilijaa gesi siku ya tatu. Bakteria aliyekufa hachachushi kitu. Gesi ilitoka kwa walio hai waliokuta karamu. Niliacha unga wa inulini kabisa, nikabaki na maharage na ndizi mbichi kwa kiasi nilichozoea. Na zaidi ya gesi, ukianzisha vitu viwili pamoja hutajua kipi kilifanya nini. Hata metformin, dawa ya kisukari, imeonekana kuongeza bakteria huyu, kwa hiyo aliyeanza dawa hiyo mwezi huu asubiri kwanza.

Kapsuli moja kila asubuhi kwa maji. Kopo nililifunga kavu kabatini, si jikoni karibu na birika, maana adui wa unga huu ni unyevu. Friji si lazima. Hakuna cha kufia ndani.

Kipimo cha choo cha kuhesabu bakteria sikulipia. Vipimo hivyo husoma DNA, na maiti naye ana DNA. Ungemeza kapsuli, kipimo kingepanda, na maana yake ingekuwa tu kwamba kapsuli imepita.

Baada ya wiki 12 nilirudi maabara ileile, saa ileile. Sampuli ya kwanza ilikuwa imevunjika chembe nyekundu, nikaomba itolewe nyingine, kwani damu iliyovunjika hushusha insulini kwa uongo na ningeshangilia bure. Ya pili: sukari 5.6, insulini 11.5, yaani HOMA-IR 2.9. Kiuno sentimita 2 chini, uzito nusu kilo, kolesteroli palepale. Choo kilitoka aina ya 2 hadi ya 4 kwenye chati ya Bristol, inayopanga choo kuanzia 1 (kigumu sana) hadi 7 (majimaji), ingawa hilo naliachia maharage pia. Insulini ya mtu mmoja huyumba siku hadi siku, kwa hiyo nimeacha kapsuli kwa wiki nane, chakula kikiwa kilekile, nipime tena. Ikirudi 14, nitanunua kopo jingine. Ikibaki 11, hela hiyo itabaki mfukoni.

Anayetumia insulini au glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, asianze bila daktari wake kujua, wala asipunguze dozi kwa kuona kapsuli imeingia.