Siku nilipokutana na mtu aliyesababisha niitwe Semeni

Naitwa Semeni. Si Simeoni, si Semina, ni Semeni, yaani kama mtu amewageukia watu akawaambia haya semeni. Shuleni kina Asha walikuwa wanaitwa mpaka na jina la baba maana wako wengi, kina Mwajuma hivyo hivyo, mi likitajwa Semeni tu limeisha, na kila mwalimu mgeni akifika pale kwenye rejista lazima anyanyue kichwa aulize "Semeni nini?", darasa zima linaangua kicheko. Cheti changu kimoja kilikuja kimeandikwa Simeon, jina la kiume kabisa, kulirekebisha kulinitoa jasho, kiapo huku barua kule. Kuna kipindi nilitaka niende kwa wakili nile kiapo nilifute kabisa nibaki na la chuoni, maana kule kusoma Kurani maalim alikataa kuniandika Semeni, akaniandika Salma. Mama akaniambia ukibadili na mimi usiniite mama. Basi likabaki.

Sababu ya jina nilikuwa naijua juu juu tu. Nimezaliwa kambi ya mkonge wilaya ya Muheza, Tanga, baba alikuwa mkata mkonge. Anayezijua nyumba za kambi anajua, zimepangwa mstari mmoja, ukuta mnachangia, bomba la maji mnachangia, ukipiga chafya jirani anakujibu akiwa kitandani kwake. Mama alikaa kwenye ndoa muda mrefu hajapata mtoto, watu wakasema mgumba, aliposhika mimba wakasema si ya mumewe, nilipozaliwa nimefanana na baba mpaka masikio bibi mzaa baba akasema haya, semeni sasa. Hayo ndo niliyokua nikisimuliwa. Huyo aliyekuwa anasema mama hakuwahi kumtaja kwa jina, yeye anasema "watu".

Kwa asiyetoka Pwani, majina ya hivi kwetu si kituko. Kuna Siwatu, kuna Sikudhani, kuna Tabu na Shida na Machozi, kuna Chausiku aliyezaliwa usiku, kuna Mwamvita ambaye kazaliwa wakati wa vita. Mtoto anabeba kilichokuwepo siku hiyo, iwe heri iwe balaa. Hata wakubwa wamepitia humo humo, Uhuru Kenyatta kazaliwa Oktoba 1961, mzee wake ametoka kizuizini mwezi wa nane mwaka huo huo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kazaliwa yapata 1880 kule Fumba wakamwita Mtumwa, zama hizo utumwa bado upo, hilo la Siti kaja kulipata ukubwani baada ya sauti yake kumtoa. Ila majina ya aina yangu yana lake jambo, yanaelekezwa kwa mtu. Ni kama kanga tu. Na si ajabu maandishi ya kanga yenyewe tunayaita jina, unaingia dukani unauliza "hii jina lake nini?" kabla hujauliza rangi, halafu unaivaa unapita mlangoni kwa mbaya wako bila kufungua mdomo. Tofauti ni kwamba kanga inachakaa.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa na hitima ya shangazi yangu huko huko Muheza, mi nimetoka Dar na basi la asubuhi, nimefika wanawake wako uani wanachambua mchele wa pilau. Nikatandikiwa mkeka nikapewa ungo. Pembeni yangu kuna bi mkubwa mmoja mwembamba, kanga kaifunga kichwani, anachambua bila kuangalia, vidole vinaokota chuya na vijiwe vinatupa pembeni huku macho yako kwa watu. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mi wa nani. Nikamtaja baba. Ungo ukasimama.

"Wa kambini?"

"Ndiyo mama."

"We ndo Semeni?"

Nikasema ndo mimi. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anakagua kitambaa kabla hajakilipia, halafu akacheka. Akawaambia wenzie, "Jamani njooni mulione jina langu." Nikadhani na yeye anaitwa Semeni, nikafurahi kweli, maana katika maisha yangu sijakutana na wajina hata mmoja. Akasema hapana mwanangu, mi siitwi hivyo, ila hilo jina nilipewa mimi, wewe umelibeba tu.

Kumbe ndo yeye, ukuta wa pili. Akalisimulia lote mbele ya watu bila hata haya, na nasema ukweli sikupata hata nafasi ya kukasirika kwa namna alivyokuwa anasimulia. Alisema ndiyo alisema, na si yeye peke yake, ila yeye ndo alikuwa na mdomo. Akasema bibi yako alikuwa hatari. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake, anaitwa mama fulani. "Basi asubuhi niko bombani na ndoo yangu, nataka anipishe nikinge, nitamwitaje? Mama Semeni. Namwazima chumvi, hodi Mama Semeni. Mwanangu, mtu mwingine anasutwa siku moja na ngoma inapigwa watu wanatawanyika, mi nilikuwa najisuta mwenyewe kila siku kwa mdomo wangu." Wanawake uani wamelala kwa kicheko. Mi nilibaki kimya kwanza, maana hesabu hiyo sijawahi kuipiga, nilikuwa najiona mimi ndo napata tabu ya hilo jina kumbe kuna mtu alikuwa analimeza kila akitaka maji.

Nikamuuliza sasa ulifanyaje mama? Akasema nilifanyaje? Na mimi nikazaa. Akageuka akaita jikoni, "We Sijali! Sijali njoo!"

Akatoka mwanamke wa makamo kama mimi, kashika mwiko, jasho linamtoka. Bi mkubwa akasema huyu hapa, huyu ndo jibu. Mamako kaniambia semeni, na mimi nikamjibu sijali, na yeye ikabidi aniite Mama Sijali hapo hapo bombani. Tuliangaliana na Sijali tukashindwa hata kusalimiana kwa kucheka. Na yeye alikuwa anajua jina lake limetokana na ugomvi wa kambini, ila hajui ugomvi na nani, mamake naye alikuwa anasema "watu".

Mama zetu walikuja kupotezana kwa sababu ya mkonge wenyewe. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, na nje huko kamba za nailoni zikaua soko, bei ikashuka, watu wakaanza kuhama mmoja mmoja, sisi tukaenda Tanga mjini wao wakarudi kwa ndugu zao Korogwe.

Jioni nikampigia mama simu, nimeshiba pilau niko na furaha zangu, nikijua nampa habari nzuri, kwamba nimemwona jirani yako yule, mzima, anakusalimia, na mwanae Sijali aliyezaliwa baada yangu.

"Baada yako nani kakwambia?"

Mama hajawahi kunipandishia sauti kwenye simu kama siku ile. Akasema muongo huyo, Sijali ndo kaanza. Sijali alikuwa anatambaa mlangoni kwao wakati mi natembea na mimba yako, yeye ndo kamwita mtoto Sijali kunisimanga mimi nisiyekuwa na mtoto, nilikwenda kwake kumwomba aache kunisema akaniambia sijali, na mtoto akamwita hivyo hivyo, ndo bibi yako akaja kujibu semeni basi. Mi nikamwambia mama ina maana gani sasa nani kaanza? Akasema ina maana kubwa! Na kweli nikikaa nikifikiria naona inayo, maana hayo majina ukiyapanga hivi yanaleta maana na ukiyageuza yanaleta maana, mi sijui hata kama nilianza maneno au nilijibu.

Tukasema tutumie vyeti. Hakuna kitu hapo. Changu kinasema 1984, kilikatwa nikiwa mkubwa, mwaka kautaja mama. Cha Sijali kinasema 1986 lakini mwenyewe anakiri alipunguziwa miaka kwa sababu alichelewa kuanza darasa la kwanza, nani kati yetu hajapunguziwa. Tukasema basi Sokoine, yule waziri mkuu, kila mtu wa rika la wazazi wetu anajua alikuwa wapi siku Sokoine amekufa, Aprili 12, 1984, ajali ya Dakawa. Mama anasema redio ilipotangaza alikuwa na tumbo langu kubwa, alikaa chini ukutani akalia, na Sijali mtoto wa jirani akaja kumshika kanga. Bi mkubwa anasema siku hiyo yeye hana mimba wala mtoto mchanga, alikuwa anapika mchicha, Sijali hata kwenye ndoto hayupo. Wote wanaapa. Wote wana akili timamu. Nilijaribu kuwaunganisha kwenye simu moja waongee, walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za magoti, wakapeana pole za waliokufa, nikasema alhamdulillah yameisha, halafu mama akatupia "na Sijali hajambo, mkubwa wake Semeni?", kwa maana Sijali ndo mkubwa wa Semeni, simu ikawaka moto tena.

Watoto wangu wala wa Sijali hawana majina ya hivi. Yeye ana Kelvin na Brayan, mi nina Careen na Ibrahim, na sioni dalili, siku hizi mtu akikusema unamblock. Nimeshatafuta Semeni wengine mtandaoni, nimewapata wachache, karibu wote ni watu wazima, nikawatumia ujumbe kuwauliza nyie mliambiwa waseme kina nani, mmoja kanijibu dada naomba tuheshimiane.

Ila na Sijali tumekuwa ndugu kabisa, akija Dar anafikia kwangu. Tatizo limebaki moja tu, yeye akipiga simu anasema "mambo mdogo wangu", na mimi namjibu "poa mdogo wangu, habari za Korogwe", na shikamoo mpaka leo hakuna aliyempa mwenzie.