Nati Kumi na Sita

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Tulikuwa tumeshaipita Kibaha, Barabara ya Morogoro imejaa malori kama kawaida yake, akaniuliza, "Baba, mbona gari linagonga?"

Nikamwambia ni ndoo zake kule nyuma. Tukaendelea kilomita chache hivi. Mara usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu, na ile kok-kok ikawa inafuata mwendo: nikiongeza inaongezeka, nikipunguza inapungua. Nikawasha indiketa, nikatoka nje ya lami kabla ya Mlandizi.

Lilikuwa gurudumu la mbele kushoto, chini kabisa ya pale alipokaa mama. Kati ya nati nne, moja haikuwepo. Ya pili niliizungusha kwa vidole viwili ikanibaki mkononi.

Ilikuwa 2016. Siku mbili kabla ya safari nilikuwa nimenunua Gerezani, Dar es Salaam, rimu za spoti, zile za aloi, za gari langu, Toyota Ist. Za mtumba, ila za Toyota wenyewe, inchi 15. Niliamini nimekagua kila kitu. Matundu manne kwenye duara la milimita 100, sawa. Tundu la katikati lilikaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, bila kuchezacheza, sawa. Nilizizungusha moja moja chini kuona kama kuna iliyopinda, nikapitisha kidole ndani kutafuta mahali palipochomelewa. Zile za chuma nikawaachia kama sehemu ya malipo, nikabaki na ya spea tu. Kijana akafunga kwa mashine ya upepo, akitumia nati zilezile zilizotoka kwenye rimu za chuma. Sikumuuliza neno juu ya nati.

Kijana wa bodaboda alituitia fundi, mzee wa makamo ya baba yangu, ovaroli imefuliwa mpaka imepauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hamjaumia?"

Kabla hajagusa jeki aliweka mawe mawili nyuma ya tairi la nyuma, akamwomba mama ashuke akakae kivulini. Gurudumu lilipotoka, alililaza, akachukua ile nati iliyobaki mkononi mwangu, akaitumbukiza kwenye tundu la rimu na kumulika kwa simu.

"Angalia mwanangu. Imekaa wapi?"

Niliinama mpaka uso ukakaribia rimu. Nati ya rimu ya chuma imechongwa mbele kama pia ya kuchezea watoto, mteremko wa digrii 60, ili izame kwenye tundu lenye mteremko kama huo. Tundu la rimu yangu halikuwa na mteremko wowote. Lilikuwa limenyooka kama ndani ya glasi, limetengenezwa kwa ajili ya nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, kile kiduara cha chuma. Kwa hiyo nati yangu ilikuwa inagusa ukingo peke yake, mstari mwembamba mno. Na ukingo wenyewe ulikuwa umeshatafunwa, unang'aa kama sarafu mpya. Vumbi la aloi liliniganda kwenye kidole.

"Aloi laini hii," mzee alisema. "Nati ikila ukingo inazama, na ikizama imelegea, hata kama juzi ilikazwa kwa nguvu zote. Ile mashine ilikaza kweli. Ila ilikaza kwenye nini?"

Mpaka leo nalisema bila kumung'unya maneno: anayekuuzia rimu bila nati zake hajamaliza kukuuzia. Za Toyota zina zake, nyingi za madukani zinataka zile zenye umbo la pia, Honda nazo zina nati zenye mbele ya mviringo, na kwa macho ya haraka zote zinaingia kwenye boliti.

Bodaboda ilitumwa Kibaha ikaleta nati 12 zenye washa, pamoja na boliti moja, maana moja ya zangu meno yake yalikuwa yameliwa. Rimu ile ya mbele mzee aliikataa kabisa kwa kuwa matundu yalishatanuka. Mahali pake aliweka spea ya chuma, akairudishia nati zangu za zamani, ambazo hapo ndipo kwao. Habu zote alizisugua kutu kwa brashi ya waya. Nilipomwuliza kama atie mafuta kwenye boliti alitikisa kichwa: mafuta yanaidanganya spana. Alianza kwa vidole, akaenda kwa kukingamisha, moja na ya mkabala wake, akashusha jeki. Kisha akafungua kitambaa na kutoa spana ya kupimia nguvu, akaiweka kwenye newtoni-mita 103. Kila nati ilipofika, spana ililia tik.

"Chalinze simama, uzikaze tena," aliniagiza.

Tulifika Chalinze giza limeingia. Nilitoa spana ya gari nikapita gurudumu kwa gurudumu. Hakuna iliyozunguka. Mama alikuwa ameshuka, amechuchumaa na tochi ya simu, anagusa kila nati kwa kidole huku akihesabu kwa sauti.

"Kumi na sita," akasema. Akarudi kwenye kiti chake cha mbele kushoto, akafunga mkanda.