Nilivyoitibu kutu ya chini ya Land Rover yangu kuukuu bila kuifunika kwa lami

Karibu kila aliyelala chini ya Land Rover yangu na kuiona kutu iliyotanda kwenye fremu, yaani kiunzi cha chini kinachobeba bodi, alinishauri jambo lile lile: niipake lami nyeusi, nisiisumbukie tena. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Lami ikishakauka hupasuka kwa mtikisiko na kwa kokoto zinazorushwa na magurudumu, kisha maji hupenya katika ufa, yakanaswa humo na kuendelea kukila chuma, ilhali kwa nje gari linaonekana limetunzwa. Mmiliki aliyenitangulia alikuwa amefanya hivyo, na nilipoibandua lami yake kwa patasi ilitoka pamoja na magamba mazito ya kutu.

Wapo pia walionipendekezea oili chafu ya injini. Hiyo huoshwa na maji, huvimbisha bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari, na kuchafua ardhi inapodondokea.

Wengi hudhani kwamba gari hili halishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu. Fremu yake ni ya chuma, tena ina uwazi ndani, na tope likishaingia humo hukaa na unyevu wake muda mrefu, hivyo kutu huanzia ndani ikatokeza nje wakati chuma kimekwisha kuwa chembamba. Ndiyo maana, baada ya kuosha na kukausha, niliipigapiga fremu yote kwa nyundo ndogo, kwani chuma kizima hulia na kilichooza hutoa sauti butu. Boriti ya nyuma, ambayo katika magari haya ndiyo huoza mapema, ilitoboka. Fundi alikata mpaka akafikia chuma kizima, akachomelea bamba jipya, baada ya kufungua nyaya za betri na za alteneta.

Sehemu nyingine nilizikwangua kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye grainda, huku nimevaa miwani ya kukinga macho, kwa maana nyuzi za brashi hukatika na kuruka. Kutu iliyobaki katika vishimo niliipaka dawa yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kuwa fosfati ya chuma, utando mweusi ulioshikamana na chuma. Dawa hii haina nguvu juu ya magamba yanayobanduka, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba inakuondolea kazi ya kukwangua. Juu yake nikapaka praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe.

Kazi iliyonipa fahari kuliko zote ni ile ya ndani ya fremu. Nta ya kuzuia kutu huuzwa katika makopo ya kupulizia, lakini mdomo wa kopo haufiki mbali. Nilipopulizia kupitia tundu la kwanza kati ya matundu ya fremu na kumulika ndani kwa tochi, niliona nta imerundikana karibu na tundu, na mbele yake chuma kikavu. Nilichukua mpira mwembamba mrefu wa plastiki, nikauziba upande mmoja, nikautoboa vitundu kwa sindano ya moto kuzunguka ncha hiyo iliyozibwa, na upande wa pili nikauunganisha na bunduki ya kupulizia rangi inayotumia hewa ya kompresa. Niliusukuma mpira mpaka mwisho wa fremu, nikafungua hewa, kisha nikauvuta polepole kuelekea kwangu huku nta ikirushwa juu, chini na pande zote. Nta ilikuwa imepashwa moto kwa kukiweka chombo chake ndani ya maji ya uvuguvugu, maana ikiwa nzito huziba vitundu. Nilipoona inachuruzika kutoka kila tundu la chini nilijua imefika, na nilipomulika tena ndani kuta zote zilikuwa ziking'aa. Nilifurahi kupita kiasi.

Matundu hayo ya chini yasizibwe kamwe, kwani ndiyo njia ya maji kutoka. Kila ninapotoka kwenye tope huyazibua kwa waya na kuiosha fremu kwa maji mengi, kisha sehemu niliyokwaruza kwa waya huipulizia nta upya. Anayepulizia ahakikishe amefunika diski za breki na ekzosi, kwa sababu nta kwenye diski huondoa nguvu ya breki, na kwenye ekzosi yenye moto huweza kuwaka.