Vitabu vya Ujana Vikisomwa Ukubwani

Wapo wasomaji wanaokataa kabisa kukifungua tena kitabu walichokipenda walipokuwa na umri wa miaka 14 au 15, na sababu yao naielewa: wanachelea kukikuta kimepungua, na furaha waliyoitunza kwa muda mrefu isije ikaharibika kwa usomaji wa siku mbili. Mimi nimeamua kinyume chake. Kwa muda sasa nimekuwa nikivirudia, kimoja baada ya kingine, vitabu vilivyonifanya niwe msomaji, na kilichonishangaza si kwamba baadhi yake vimechuja, bali ni kwamba ndani ya vile vilivyo bora kabisa mlikuwa na kisa kingine ambacho kijana hana namna ya kukiona, kwa kuwa kinawahusu watu wa makamo.

Mfano ulio wazi zaidi kwangu ni Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951. Nilipoisoma ujanani nilikuwa nikisoma safari. Wajumbe sita wanatumwa kutoka Kusadikika, nchi iliyo angani, kila mmoja upande wake, nami nilifuatana nao wote. Niliyangoja kwa hamu maajabu ya nchi watakazofikia, na kurasa za barazani nilizipita upesi ili safari nyingine ianze. Safari hii nimezisoma kurasa za barazani polepole, na nimeona kwamba visa vyote vya wajumbe vinatoka kinywani mwa mshtakiwa. Karama amesimama mbele ya wakubwa wa nchi kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Waziri Majivuno anamshitaki, na utetezi wa Karama ni kulikumbusha baraza, mjumbe kwa mjumbe, jinsi nchi ilivyowalipa kifungo watu walioiletea heri. Kwa kijana, kile kifungo ni mwisho wa kusikitisha wa kisa cha kusisimua. Kwa mtu aliyekwisha kufanya kazi chini ya wakubwa, akaona shauri jema likitupwa kwa kuwa tu limetoka kwa mtu asiyetarajiwa kutoa shauri, kifungo hicho ndicho kiini cha kitabu, na nchi za mbali zimewekwa pale ili tuujue ukubwa wa hasara.

Lililonigusa zaidi ni subira ya Karama. Anaongea siku baada ya siku bila kumtukana yeyote. Anaupanga ushahidi wake kana kwamba ana hakika kuwa hata baraza lenye kiburi lina masikio. Mwandishi alikuwa akiishi chini ya utawala wa kikoloni, na sidhani kwamba mtu aliyekuwa katika hali hiyo aliichagua lugha ile ya upole kwa bahati tu. Ujanani upole huo niliuona kuwa ulegevu wa usimulizi. Sasa nauona kuwa ndio ujasiri wenyewe.

Riwaya ya pili ni nzito zaidi kuizungumzia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na iliwahi kuzuiwa kusomwa shuleni, jambo ambalo bila shaka liliwavuta vijana wengi kuisoma. Kijana anayeisoma huwa upande wa Rosa tangu mwanzo: anauona ukali wa Zakaria, baba mlevi anayewalinda binti zake kwa vitisho huku nyumba yenyewe ikimshinda, na anamchukia moja kwa moja. Nimeirudia nikiwa karibu zaidi na umri wa Zakaria kuliko wa Rosa. Sijamsamehe, na sioni kama riwaya inataka tumsamehe, lakini safari hii niliiona hofu iliyo chini ya ukali wake, nikatambua kwamba hofu ya mzazi inaweza kumdhuru mtoto kwa kiwango kile kile ambacho mzazi aliogopa ulimwengu ungemdhuru. Na Regina, mama yake Rosa, ambaye katika kumbukumbu zangu alikuwa kivuli tu nyuma ya mumewe, sasa alinifanya nisimame mara nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944. Maana yake ni kwamba riwaya ilipotoka alikuwa na umri wa takriban miaka 27. Kijana wa umri huo aliwezaje kuyajua maumivu ya wazazi kwa kina hicho? Ujanani nilimhesabu mwandishi kuwa mtu mzima kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye jalada, na leo ninapomsoma nasoma maneno ya mtu aliye mdogo kwangu.

Kabla ya kukifungua kitabu cha zamani, siku hizi huandika kwanza kile ninachokikumbuka: jinsi kinavyoanza, ni nani anayekufa, ni maneno gani yaliyosemwa mahali fulani. Desturi hii naipendekeza kwa yeyote. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwapa wasomaji wa Kiingereza ngano ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Masimulizi yao yalizidi kuwa mafupi, yaliyokuwa mageni kwao yakadondoka au yakageuzwa kuwa ya kawaida, hata mtumbwi wa ngano ukawa mashua. Kumbukumbu zetu za vitabu hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa muda mrefu zaidi. Niliwahi kuandika kwa uhakika kabisa kwamba riwaya fulani ina maagano marefu, ya kupeana kwaheri, kati ya ndugu wawili. Nilipofika mahali pale nilikuta sentensi mbili, na wa pili hajibu neno. Maagano yale marefu niliyatunga mwenyewe katika miaka iliyopita, pengine kwa kuwa nilihitaji yawepo, na kuyapata hayo kulikuwa na thamani sawa na kuisoma riwaya yenyewe.

Vipo pia vitabu ambavyo havistahimili. Riwaya nyingi za upelelezi wa kijasusi, zile za mbio za magari na risasi, nilizozisoma usiku kucha zamani, leo nazimaliza kwa shida, na tatizo si kwamba siri zake nazijua. Tatizo ni wanawake, ambao karibu kila mara huletwa kwa urembo wao na kuondolewa kwa kifo au usaliti, na ni maadui, ambao uovu wao hauna asili yoyote. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaoona aibu kwamba walizipenda. Zilinifundisha kuendelea kusoma nikiwa nimechoka, na kuamini kwamba ukurasa unaofuata una kitu. Bila tabia hiyo nisingefika kwa Kezilahabi.

Kujua mwisho, kwa kweli, kunaweza kuwa faida kubwa hata katika hadithi za siri. Ninayoendelea nayo sasa ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambayo ndani yake tunamkuta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Zamani niliisoma kwa macho ya Najum, nikingoja kuelezwa. Safari hii naisoma kwa penseli mkononi, nikiweka alama kila mahali ambapo Bwana Msa anatazama kitu na kunyamaza, ili nijue ni mara ngapi mwandishi aliniwekea jibu mbele yangu bila kulificha.